Aliyerudi Majini na Anayerudishwa Shambani



Wapendwa wasomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaanzia mbali, kwenye maji ya ng'ambo, lakini utaishia nyumbani kwetu, chini ya migomba na mibuni ya Karagwe na Kyerwa. Tunaomba mtuvumilie tunapozunguka kidogo kabla ya kufika penyewe.

Kazi ya kuendesha chombo majini kwa nguvu za mikono si ngeni kwetu. Wavuvi wa Ziwa Rwakajunju na wale wa Burigi wanaijua, na waliowahi kufika Bukoba au Mwanza siku za mashindano ya mitumbwi katika Ziwa Viktoria wameona jinsi vijana wanavyoinama na kuinuka pamoja, jasho likiwatiririka. Lakini uko mchezo mwingine wa namna hiyo ambao hushindaniwa katika Olimpiki. Mashua yake ni nyembamba kama jani la mgomba, ndefu, nyepesi, na mwendeshaji hukaa ameipa mgongo njia anayokwenda. Kiti anachokalia huteleza mbele na nyuma, kwa hiyo nguvu kubwa haitoki mikononi kama wengi tunavyodhani, bali miguuni, ikapanda kiunoni na mgongoni, ndipo ikafika kwenye kasia. Mbio ni za mita 2,000. Huchukua dakika 6 hadi 8 hivi, na anayemaliza huwa hana pumzi hata ya kutaja jina lake. Wataalamu wa michezo huuhesabu kati ya michezo inayoutesa mwili kuliko mingi mingine.

Sasa, ndugu msomaji, fikiri juu ya mtu aliyefika kilele cha mchezo huo, akapata medali ya dhahabu, akasema imetosha, akaweka kasia chini na kwenda nyumbani. Miaka ikapita. Kisha siku moja akaamka na kusema: ninarudi. Je, huyo ana akili timamu? Je, mwili utamkubalia? Hilo ndilo tunalotaka kulitazama, kwa sababu katika familia zetu wako wengi wanaorudi kazini baada ya mapumziko, na wako wengi zaidi wanaorudishwa bila kuulizwa.

Mama wa watoto watatu

Helen Glover ni mwanamke wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1986. Mwaka 2012 katika Olimpiki ya London, yeye na mwenzake Heather Stanning walipata dhahabu katika mashua ya watu wawili. Mwaka 2016 kule Rio de Janeiro wakaipata tena. Baada ya hapo Glover aliacha mashindano. Alizaa mtoto wa kwanza mwaka 2018, na mapema mwaka 2020 akajifungua mapacha. Ndipo ugonjwa wa korona ukaingia duniani, watu wakafungiwa majumbani. Mama huyu alianza kufanya mazoezi nyumbani kwa mashine ya kupigia makasia, akitumia saa zile watoto walipolala. Hakuwa na nia kubwa mwanzoni. Kidogo kidogo akaona nguvu inarudi.

Mwaka 2021 alishindana katika Olimpiki ya Tokyo, iliyokuwa imeahirishwa kwa mwaka mmoja, akiwa mama wa kwanza kuchaguliwa katika timu ya Uingereza ya mchezo huo kwenye Olimpiki. Yeye na Polly Swann walishika nafasi ya 4, wakakosa medali. Akapumzika tena. Mwaka 2023 akarudi kwa mara ya pili, na mwaka 2024 kule Paris, akiwa na umri wa miaka 38, alipata medali ya fedha katika mashua ya watu wanne. Uholanzi iliwatangulia kwa muda mdogo sana, usiotimia hata sekunde moja.

Mgonjwa wa kisukari

Wa pili ni Steve Redgrave, Mwingereza pia. Huyu alikuwa amepata dhahabu katika Olimpiki nne mfululizo: 1984, 1988, 1992 na 1996. Mwaka ule wa 1992 alikuwa tayari ameanza kusumbuliwa na ugonjwa wa vidonda katika utumbo mpana. Alipomaliza mbio za mwaka 1996 huko Atlanta alikuwa amechoka mno hata akawaambia watu wa televisheni kwamba atakayemwona tena karibu na mashua ana ruhusa ya kumpiga risasi. Haikupita miezi mingi akawa amerudi mashuani. Kisha mwaka 1997 waganga wakamkuta na kisukari. Wengi wangesema, sasa basi, Mungu amemwonyesha njia ya kwenda nyumbani. Yeye alijifunza kujichoma sindano za insulini, kupima sukari yake mara kwa mara kila siku, na kupanga chakula chake kulingana na mazoezi. Mwaka 2000 kule Sydney, naye akiwa na miaka 38, alipata dhahabu ya tano pamoja na wenzake watatu. Baada ya hapo akastaafu kweli, na safari hiyo hakurudi.

Hata kwetu Afrika Mashariki hatukosi mifano. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alitangaza kustaafu mwezi Novemba mwaka 2010, mara tu baada ya goti kumlazimisha kuacha mbio za marathoni za New York katikati ya njia. Siku chache baadaye akabadili kauli yake na kuendelea kukimbia hadi mwaka 2015. Faith Kipyegon wa Kenya hakustaafu, lakini alisimama ili azae binti yake mwaka 2018. Akarudi, akapata dhahabu ya mita 1,500 Tokyo na tena Paris, juu ya ile aliyoipata Rio kabla hajawa mama. Nao majirani zetu wa Uganda, tunaopakana nao kule Murongo, walimpata mpiga makasia wao wa kwanza wa Olimpiki, Kathleen Noble, aliyeshindana Tokyo na kisha Paris.

Tunasomaje habari hizi?

Wako watakaozisoma na kusema: "Hao ni watu wa chuma, sisi ni wa udongo." Wako pia watakaozitumia vibaya. Baba atamwambia mkewe: "Umesikia? Mama wa mapacha anashindana Olimpiki, nawe unalalamika kwa ndoo ya maji." Sisi tunakataa kusoma habari hizi kwa namna hizo zote mbili. Tunaona kwamba somo lake halipo katika chuma cha hao watu. Lipo katika namna walivyorudi. Walirudi kwa hiari, walirudi kwa kipimo, na walirudi wakiwa na watu wa kuwasaidia. Hayo matatu yakikosekana, kurudi si ushujaa tena. Ni kuumizwa.

Tueleze kwanza mwili unavyofanya kazi. Mtu aliyezoea kazi nzito akipumzika wiki chache tu, moyo na mapafu huanza kupoteza sehemu ya uwezo wake. Akipumzika miezi, misuli nayo hupungua. Lakini mwili uliowahi kufundishwa hausahau kabisa. Anayerudi hupata nguvu yake upesi kuliko anayeanza kwa mara ya kwanza. Hiyo ni habari njema. Habari ya pili ni ya tahadhari: viungo vyote havirudi kwa mwendo mmoja. Pumzi na misuli huwahi kurudi, lakini kano, maungio na mifupa huchelewa. Hapo ndipo penye mtego. Mtu hujisikia ana nguvu kama zamani, akabeba kama zamani, na kumbe kamba zinazoshikilia mifupa yake bado ni dhaifu. Mgongo unakatika, goti linavimba, naye anasema amerogwa. Hakurogwa, aliharakisha. Ndiyo maana waalimu wa michezo humwongezea mwanamichezo anayerudi mzigo kidogo kidogo, wiki hata wiki, na humpa siku za kupumzika katikati ya siku za kazi. Wahenga walikwisha kusema kwamba haraka haraka haina baraka, nao hawakuwa na mashine ya kupimia moyo.

Mzazi na ndoo ya lita 20

Sasa tuje nyumbani. Nani katika vijiji vyetu anarudi kwenye kazi ya nguvu baada ya mwili wake kupitia jambo kubwa? Wa kwanza kabisa ni mama aliyejifungua.

Kizazi cha mama huchukua wiki 6 hivi kurudi katika hali yake. Katika ujauzito mishipa na kano zinazofunga nyonga hulegea ili mtoto apate njia, nazo haziwi imara siku ya pili baada ya kujifungua. Misuli iliyo chini ya nyonga, ile inayobeba kizazi, kibofu na utumbo, imevutwa na pengine imechanika. Damu imemwagika. Kama amezaa kwa upasuaji, kuna jeraha lililopita tabaka kadhaa za mwili. Tunaloliona nje kuwa limepona ni tabaka moja tu. Mama huyo huyo ananyonyesha usiku na mchana, na kunyonyesha nako kunahitaji chakula na maji ya kutosha.

Tazameni sasa hali ya nchi yetu ya milima. Nyumba zetu ziko juu, maji yako bondeni. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita anashuka nayo tupu na kupanda nayo imejaa, mtoto mgongoni, na akifika anainama kukata kuni. Halafu ni jembe katika maharage. Mzigo mzito unaobebwa mapema namna hiyo, na kurudiwa kila siku, waweza kuwa sababu mojawapo ya mkojo kumponyoka mama anapokohoa, ya maumivu ya mgongo yasiyokwisha, na hata ya kizazi kushuka. Akina mama wengi wanaishi na matatizo hayo miaka mingi bila kumwambia mtu, wakidhani ndiyo malipo ya kuwa mwanamke. Sivyo. Ni maradhi, yana matibabu, na mengi yangeweza kuzuiwa.

Hapa tunasema wazi, ingawa tunajua tutawaudhi baadhi ya ndugu zetu. Mama akirudi bondeni na ndoo katika wiki ya pili, kosa si lake. Kosa ni la nyumba nzima, na kwa kwanza kabisa ni la mwanamume mwenye mabega mapana anayeketi senta akisubiri chakula. Na tuna neno pia kwa wale wanaosifu. Mara ngapi tumesikia katika sherehe za ubatizo mtu akisimama na kusema: "Huyu mama ni hodari, siku ya saba alikuwa shambani!" Watu wakapiga makofi. Ndugu wapendwa, sifa hiyo ni mzigo mwingine juu ya kichwa cha mama. Mama mwingine akiisikia ataona aibu kupumzika. Tuache kusifu lisilostahili sifa. Tumsifu baba aliyechota maji siku arobaini. Huyo ndiye tumpigie makofi.

Wazee wetu walikuwa na busara zao. Mzazi alipewa siku za kukaa ndani, akaletewa uji na mchuzi, akapokezwa mtoto ili alale. Wengine leo wanaona hayo ni mambo ya kale. Sisi tunaona kwamba katika hili mabibi zetu walikubaliana na waganga wa hospitali bila kukutana nao. Lakini tusielewe vibaya: kupumzika si kulala kitandani mchana kutwa. Mama aliyejifungua salama anafaa kuamka na kutembea polepole nyumbani mapema, maana kutembea husaidia damu isigande miguuni. Kinachokatazwa ni mzigo mzito na kazi ya kuinama kwa muda mrefu. Aanze na kazi nyepesi. Aongeze kidogo kidogo baada ya wiki 6. Na aliyepasuliwa asianze kazi nzito kabla mganga hajamwona na kumruhusu.

Mama asikose kwenda kliniki na mtoto kama alivyoelekezwa, hadi wiki ile ya 6. Na mahali popote katika siku hizo, akiona damu nyingi, homa, maumivu makali ya kichwa, kuona maruweruwe, uvimbe au maumivu ya mguu mmoja, kupumua kwa shida, au usaha na harufu mbaya, asingoje kesho. Apelekwe zahanati au hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama ni msimu wa kahawa.

Mzee na kiti chake

Wa pili anayetuhusu yuko katika upande ulio kinyume. Huyu ni mzee aliyestaafu: mwalimu, katekista, karani wa chama cha ushirika, au mkulima aliyewakabidhi wanawe shamba. Tunamwambia: "Mzee, umefanya kazi ya kutosha, kaa." Tunamwekea kiti chini ya mti. Tunamletea chai yenye sukari vijiko vinne, na jioni rubisi. Tunafikiri tunamheshimu. Baada ya miaka mitatu tumbo limetangulia, magoti yanalia, damu ina shinikizo, na sukari imepanda.

Ukweli ni kwamba mwili wa mzee unahitaji kazi, ila kazi ya kipimo chake. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wakiwamo wazee, wapate angalau dakika 150 za kazi au mazoezi ya wastani kila wiki. Hiyo ni kama nusu saa kwa siku, siku tano. Kwenda kwa miguu kwenye Misa ya asubuhi na kurudi kunatosha kwa wengi. Kupalilia kidogo, kupogoa mibuni, kuchuma kahawa iliyo karibu, kulisha mbuzi, yote hayo huhesabiwa. Redgrave hakuambiwa akae kitini kwa sababu ya kisukari. Alifundishwa jinsi ya kufanya kazi nacho.

Lakini mzee naye asirudi kwa kishindo. Wengi wetu tumeona mechi ya wazee na vijana siku ya sikukuu ya somo wa parokia. Mzee ambaye hajakimbia tangu alipokuwa seminari anavaa jezi, anashangiliwa, anaukimbilia mpira kana kwamba ana miaka 20. Tunacheka sana. Siku moja hatutacheka. Kwa mtu mwenye mishipa ya moyo iliyokwisha kuziba nusu, ambaye hajui hali yake, kishindo cha ghafla baada ya miaka ya kukaa chaweza kuwa cha mwisho.

Kwa hiyo mzee anayetaka kurudi kwenye jembe, baiskeli au mpira, na afanye hivi. Kwanza aende kupimwa shinikizo la damu na sukari. Shinikizo likifika 140 juu au 90 chini, na likabaki hivyo kwa vipimo vya siku mbalimbali, hilo linahitaji mganga. Dalili za kisukari nazo azijue: kiu isiyokwisha, kukojoa mara nyingi, kukonda bila sababu, uchovu, vidonda visivyopona. Kisha aanze na kutembea, dakika 10 wiki ya kwanza, aongeze taratibu. Apashe mwili moto kabla ya kazi. Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata kupita kiasi, aache mara moja na aende hospitali.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari awe na uangalifu zaidi, maana kazi ya nguvu nayo hushusha sukari. Ale kabla ya kwenda shambani, achukue kitu kitamu mfukoni, na akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, akitumie mara moja. Asiende peke yake mbali. Avae viatu, kwa kuwa kidonda kidogo cha mguuni kwake si kidogo. Na asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anazitumia.

"Wao wana fedha, sisi tuna jembe"

Tunalisikia jibu la msomaji. Atasema: hao Waingereza wana makocha, madaktari, vyakula vilivyopimwa, na fedha za kuwawezesha kufanya mazoezi bila kulima. Helen Glover akichoka yuko wa kumkanda misuli. Mama wa kwetu akichoka, maharage yanaliwa na magugu na watoto wanalala njaa. Mnatuambia apumzike, nani atalima?

Swali hilo ni la haki, na hatutaki kulikwepa kwa maneno matamu. Ni kweli kwamba umaskini unawarudisha watu kazini kabla ya wakati wao. Ni kweli kwamba kama maji yangekuwa karibu na kila nyumba, nusu ya ukurasa huu isingekuwa na haja. Tunaendelea kuwaomba viongozi wetu wa vijiji na wilaya waifanye kazi ya maji kuwa kazi ya afya ya mama, maana ndivyo ilivyo.

Lakini tazameni tena ile mashua ya Paris. Ndani yake walikuwa wanne. Ile ya Sydney nayo walikuwa wanne. Hakuna mmoja aliyepata medali peke yake. Na mama yule wa watoto watatu asingeweza kukaa kwenye mashine ya mazoezi kama watoto wasingekuwa na mtu mwingine wa kuwashika. Msaada huo wa mikono hauuzwi dukani, na hata sisi tunao. Tuna Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika kila kitongoji. Tuna WAWATA, tuna UWAKA, tuna VIWAWA. Tunajua kukusanyika upesi mtu akifa. Tunaleta kuni, maji, ndizi na mahema, tunakesha siku tatu. Je, ni vigumu kukusanyika namna hiyo hiyo mtu anapozaliwa?

Pendekezo letu ni dogo. Kila jumuiya iandike majina ya akina mama wanaotarajia kujifungua. Mama akijifungua, nyumba sita au saba za jumuiya ziweke zamu ya maji na kuni kwa siku arobaini, zamu moja kwa wiki kwa kila nyumba. Mabwana wa UWAKA wachukue zamu ya ndoo wao wenyewe, wasiwatume binti zao wanaotakiwa kuwa shuleni. Vijana wapalilie robo eka ya maharage ya mzazi siku moja ya Jumamosi. Na siku ya jumuiya, muuguzi wa zahanati aombwe kuja na kipimo chake awapime wazee shinikizo. Mapadre nao watusaidie kwa kulitaja jambo hili kanisani, maana neno la paroko husikika mahali ambapo la muuguzi halifiki.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alitumia mfano wa wanaoshindana katika mbio, jinsi wanavyojinyima na kuutawala mwili. Katika barua hiyo hiyo aliwakumbusha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Tunadhani mafundisho hayo mawili yanakwenda pamoja. Mwili haukuumbwa ili ukae na kuota kutu, wala haukuumbwa ili ubebeshwe hadi uvunjike. Kuna saa ya kuweka kasia chini, kuna saa ya kulishika tena, na kuna saa ya kuliacha kwa heri, kama Redgrave alivyoliacha mwaka 2000 bila aibu yoyote.

Msomaji mpendwa, ukimaliza kusoma ukurasa huu, tazama nyumbani mwako na kwa jirani yako. Kama yuko mzazi ambaye wiki 6 zake hazijatimia, usimpelekee sifa za uhodari. Chukua ndoo yake, ushuke nayo bondeni.